Marehemu Anaomba Arudishiwe Ukurasa Wake

Tsolo Vutov (marehemu),
Kibanda cha Reli,
Dolna Krusha,
Mkoa wa Montana.
24 Novemba

Kwa Bi. Snezhina Kalpakova,
Msimamizi Mkuu wa Kidau, Mtandao wa Waandishi Wapendanao,
Sofia.

Mheshimiwa Bibi Msimamizi,

KUH: KUFUFULIWA KWANGU, NA ANWANI YA MWANACHAMA SINDANO

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi pia ni mzima, na hapo ndipo matatizo yetu yanapoanzia.

Nakuandikia kwa kalamu na karatasi, si kwa sababu ya uzee, bali kwa sababu ukurasa wangu mmeufunga kwa heshima. Nikijaribu kuingia naletewa picha ya mshumaa na maneno "Pumzika, Kizuizi, kalamu yako tumeishika sisi." Nimebonyeza huo mshumaa mara nyingi sana. Hauzimiki.

Mimi si msomi. Niliishia darasa la nane, nikaongeza kozi ya miezi sita ya reli, na miaka thelathini na minne nimekuwa mlinzi wa kizuizi pale barabara inapokatana na njia ya treni. Kwa hiyo nilipojiunga na Kidau nikajiita Kizuizi, wakati wenzangu walijiita Machozi ya Mwezi na Pumzi ya Alfajiri. Nakuomba unisamehe kama nitakosea taratibu. Sijawahi kuandika barua ya kiofisi nikiwa maiti.

Nina maombi mawili. La kwanza, unifufue. La pili, na hili ndilo lililonikalisha mezani, unipe anwani ya mwanachama aliyejiita Sindano, mliyemfukuza mwezi wa Mei. Ninachojua ni kwamba anakaa Lom, kwamba alikuwa muuguzi, na kwamba anaamini nimekufa. Kuwa marehemu kwenu ninyi ninaweza kuvumilia. Nimewahi kuitwa mabaya zaidi na mama mkwe. Kuwa marehemu kwake siwezi.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo. Nimeyapa namba ili usiseme mzee anaropoka.

1. Kwamba nilikufa bila kuarifiwa.

Tarehe 12 Mei nilimaliza kupaka geti langu rangi ya buluu, nikalipiga picha, nikaiweka Kidau, na chini yake nikaandika: "Kazi imekwisha. Sasa Kizuizi anakwenda kupumzika." Nilimaanisha kupumzika kwenye mabafu ya maji moto kule Varshets, ambako daktari alikuwa amenipeleka wiki tatu kwa ajili ya magoti. Lakini kwenye geti hilo, kama kwenye mageti yote ya kijiji chetu, ilikuwepo karatasi ya msiba, yenye jina na picha ya marehemu. Ilikuwa ya kaka yangu Nayden, kumbukumbu ya miaka kumi tangu atutoke. Huwa tunaibandika upya kila mwaka mvua inapoila ile ya zamani. Jani la mzabibu lilikuwa limefunika jina lake la kwanza na yale maneno "miaka kumi". Kilichobaki kuonekana ni msalaba, jina la Vutov, na masharubu. Masharubu hayo ni ya ukoo. Baba alikuwa nayo, kaka alikuwa nayo, na shangazi yetu mmoja naye alikaribia.

Kwa kuamini siwalaumu. Mtu yeyote wa nchi hii akiona karatasi getini haulizi, anavua kofia. Ninacholalamikia ni kwamba wanachama wenu mia mbili na kumi na wawili, watu ambao huweza kumaliza wiki nzima wakichagua neno la kuusifu mwezi, hawakupata hata mmoja wa kupiga simu. Namba yangu ilikuwa kwenye ukurasa. Simu yangu ni ile ndogo ya vitufe, haina intaneti, na nilikuwa nayo bafuni wiki zote tatu. Ililia mara moja tu. Alikuwa fundi wa paa.

2. Kwamba niliombolezwa kupita kiasi, tena vibaya.

Ndani ya siku tisa mliniandikia mashairi sitini na matatu ya maombolezo. Bibi Msimamizi, nikiwa hai hadithi yangu bora ilipata mioyo minne, na mmoja kati ya hiyo niliubonyeza mwenyewe kwa bahati mbaya nikipangusa kipanya cha kompyuta. Sasa naona shairi moja juu ya kifo changu limepata mioyo mia moja na tisini. Ningejua ningekufa mapema, nikiwa bado na magoti.

Nimeyasoma yote. Katika mashairi hayo mimi ni mwaloni ulioanguka mara kumi na mbili. Ni taa iliyozimika mara ishirini. Mara saba nimepanda treni ya kwenda mbinguni, ingawa kila mtu anayejua reli ya upande huu anajua kwamba haipandi hata kilima cha Brusartsi bila kusukumwa. Na lile shairi la Pumzi ya Alfajiri, lililowaliza wengi, nililifahamu tangu mstari wa kwanza. Ni lile alilomwandikia paka wake mwaka juzi. Alichobadilisha ni kutoa mkia na kuweka masharubu. Hata ule mstari wa "sahani yako ya maziwa bado ipo mlangoni" ameuacha. Mimi maziwa yananivuruga tumbo.

Chini ya shairi hilo kuna maoni themanini na moja. Yote yanasema "Ajabu!" na "Umenigusa" na "Nashindwa kuandika, kioo kimelowa." Hakuna aliyeuliza habari ya sahani.

3. Kwamba nilipokana msiba huo nilitukanwa.

Nilirudi kutoka Varshets tarehe 3 Juni. Wakati huo ukurasa ulikuwa bado wazi. Nikaandika chini ya tangazo la kifo changu: "Jamani, nipo. Magoti yanaendelea vizuri." Nilitegemea mtu aseme karibu.

Wa kwanza kujibu alisema, "Wewe muuaji wa pili baada ya Sindano, huna haya? Mwili haujapoa."

Nikajibu kwamba mwili umetoka kwenye maji moto na umepoa vizuri tu.

Wa pili akasema, "Mwacheni, ni mgonjwa huyo. Babu Kizuizi hakuwa na mzaha wa rejareja namna hii."

Mzaha huo ndio pekee niliokuwa nao maisha yangu yote. Nikamwambia hivyo. Akaingia wa tatu, Machozi ya Mwezi, ambaye kwa miaka minne hakuwahi kuacha hata nukta kwenye kazi zangu, akaandika, "Mimi nilimjua marehemu kama baba yangu mzazi. Asingeandika hivi. Wanakidau, tusimame pamoja!"

Basi mkasimama. Mshikamano huo sijapata kuona, na mimi nimeshuhudia mgomo wa wafanyakazi wa reli. Ndani ya dakika arobaini wanachama wote walibadilisha picha zao, kila mmoja akaweka picha ya kizuizi cha reli, chenye mistari myekundu na myeupe, na chini yake "Sote ni Kizuizi." Mia mbili na kumi na wawili walikuwa Kizuizi. Mtu pekee aliyekatazwa kuwa Kizuizi nilikuwa mimi.

Niliwatumia picha yangu nimeshika gazeti la siku hiyo. Wakasema imetengenezwa na kompyuta, na kwamba aliyeitengeneza hajui kuchora mikono. Bibi, mikono hiyo imeshusha na kupandisha chuma kwa miaka thelathini na minne. Hata mimi sijui aliyeichora alikuwa anafikiria nini.

Ndipo wewe mwenyewe ukaandika, kwa upole wako, kwamba ili kuheshimu hisia za wote nilete hati kutoka serikali ya kijiji. Nikaenda kwa mwenyekiti wetu wa kijiji, Vergil. Nikamweleza. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akafungua droo, akafunga, akafungua nyingine.

"Babu Tsolo, hapa nina fomu ya kufa, nina ya kuoa, nina ya mbwa."

"Ya kuwa hai huna?"

"Ya kuwa hai haijawahi kuombwa na mtu aliye hai. Nikuandikie ya mbwa? Ina mahali pa kuandika umri na rangi."

Nikamwambia aandike. Hati hiyo niliituma kwenu tarehe 9 Juni, ina muhuri wa buluu, inasema Tsolo, dume, miaka sabini na mitatu, kijivu, amechanjwa. Hamkujibu. Siku iliyofuata mkaufunga ukurasa.

4. Kwamba mmenimalizia riwaya.

Mnajua kwamba nilikuwa naandika riwaya, sura moja kila wiki mbili. Inamhusu Gergo, mlinzi wa kizuizi, ambaye mama mkwe wake huvuka reli kila siku kwenda dukani. Siku moja Gergo anasikia treni inakuja, na mkono wake uko kwenye mpini, na haushushi. Niliishia hapo, sura ya kumi na tisa. Nilikuwa sijaamua. Niliishi na ule mkono kwenye mpini mwezi mzima, hata Varshets nikiwa kwenye maji nilikuwa nauona.

Ninyi mkaamua kwa niaba yangu, kwa mshikamano. Mkagawana sura, watu kumi na mmoja, kila mmoja yake. Na kwa kuwa kwenu ni mwiko kufuta sentensi ya mwenzako, kila kitu kilichoandikwa na yeyote kikabaki. Sasa Gergo ana wake watatu ambao hawajuani na hawajawahi kugombana. Amekufa katika sura ya ishirini na moja, na katika ya ishirini na nne anapika chakula kisicho na nyama. Treni imegeuka kuwa maisha. Mama mkwe amegeuka kuwa nchi yetu. Mwishoni wote wanakumbatiana juu ya reli, na treni, ambayo tangu sura ya kumi na tisa ilikuwa umbali wa mita mia mbili, inasimama yenyewe kwa sababu imeguswa.

Nimewahi kuiona treni ikijaribu kusimama ndani ya mita mia mbili. Haiguswi.

5. Kwamba nimekula ngano yangu mwenyewe.

Tarehe 13 mwezi huu mlifanya kumbukumbu ya nusu mwaka, pamoja na uzinduzi wa kitabu cha kunienzi, katika ukumbi wa maktaba kule Montana. Nilipanda basi nikaenda. Nilinyoa, nikavaa suti ya reli, nikasema hapo kwa hapo wataniona na mambo yataisha.

Mlangoni alisimama Machozi ya Mwezi, ambaye kumbe ni daktari wa meno mwenye mikono laini, anagawa ngano ya kuchemsha yenye sukari, ile tunayoila kuwakumbuka wafu, na kijiko cha plastiki.

"Karibu, baba. Mungu amsamehe."

"Amsamehe nini?" nikauliza.

Hilo hakulisikia. "Ulimfahamu marehemu?"

"Kidogo. Tulikuwa tunanyoa pamoja."

"Lo! Jirani yake! Jamani, njooni, huyu ni jirani yake! Baba, tuambie, alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mbishi," nikasema. "Na mchafu kidogo jikoni."

"Aa, hapana, baba," akanishika bega, "alikuwa mpole mno. Labda hukumwelewa."

Ngano ilikuwa tamu, sikatai. Nikapewa kitabu. Kina kurasa mia moja arobaini na sita. Zangu ni tatu, na moja kati ya hizo tatu ni picha ya kaka yangu. Zilizobaki ni mashairi yenu, pamoja na shukrani zenu ninyi kwa ninyi.

Walipomaliza kusoma, nilisimama nikasema kwa sauti ya kazini, ile ya kuwaambia wenye mikokoteni wakae nyuma: "Mimi ndiye Tsolo Vutov. Mimi ndiye Kizuizi. Sijafa!" Vichwa vyote vikageuka. Nikasema moyoni, mwishowe wameelewa. Kisha mwanamke mmoja wa safu ya mbele akalia kwa kwikwi, akaja akanikumbatia. Wakaja wengine. "Masikini, uchungu umempanda kichwani. Walikuwa kama ndugu." Nikapewa maji yenye sukari. Mtu akanifungua kola. Na yule daktari wa meno, kwa huruma ambayo siwezi kusema ilikuwa ya uongo, akaniambia nikae, akatoa simu yake, akanisajili hapo hapo Kidau, mwanachama mpya, kwa jina la Jirani wa Kizuizi.

"Andika, baba," aliniambia. "Andika tu, usiogope. Hapa hakuna aliye peke yake."

Nikaandika. Nikachukua hadithi yangu ya zamani, ile ya mama mkwe na kapu la mayai, ambayo nilipokuwa hai ilipata mioyo mitatu, nikaiweka kama ilivyo. Ndani ya siku mbili imepata mia moja na kumi na minane. Maoni mengi ni ya kunitia moyo. La juu kabisa linasema: "Unamkumbusha marehemu, ingawa bado hujamfikia."

6. Kwamba mlimfukuza mtu mmoja aliyenisoma.

Hapa, Bibi Msimamizi, naomba uniruhusu nisitanie sana.

Sindano hakuwahi kunipa moyo hata mmoja. Miaka minne, kila asubuhi nikiwa na kahawa, nilikuwa nafungua kompyuta nakuta maneno yake. "Kizuizi, mtu huyu wako anaongea kama bango la kituoni." "Kizuizi, mvua hii ya ukurasa wa tatu inanyesha kwa sababu umekosa la kusema." Siku moja aliandika, "Hapa nimecheka," maneno hayo mawili basi, nikaenda kufyeka nyasi za uwanja mzima bila kuhisi magoti. Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita. Tangu hapo aliyekuwa ananiambia kwamba nimekosea ni Sindano peke yake. Hamjui ninyi, mnaopeana mioyo kama njugu harusini, nyumba inakuwaje mtu akikaa humo hata kosa lake halimhusu mwingine.

Wakati mnaniomboleza, yeye hakuandika shairi. Siku ya tisa aliandika mstari mmoja chini ya lile la paka: "Hili ni baya, na marehemu angekuwa wa kwanza kulicheka." Mkamrukia. Nimesoma yote. Aliitwa jiwe, aliitwa fisi, aliambiwa kwamba huenda ni yeye aliyenivunja moyo hadi nikafa. Mtu mmoja alimwandikia, "Sindano wewe, miaka minne unamchoma mzee wa watu, sasa umeridhika?" Hilo lilipata mioyo zaidi ya hadithi zangu zote. Yeye akajibu neno moja, "Hapana." Kesho yake hakuwepo. Mlimtoa, mkaandika kwamba Kidau kimesafishwa na mshikamano umeshinda.

Basi, kuna mwanamke huko Lom anayefikiri kwamba nimekufa na kwamba huenda yeye ndiye aliyeniua kwa kuniambia ukweli. Nimepiga simu hospitali ya Lom. Wakaniuliza jina. Nikasema Sindano. Wakakata.

Kwa sababu hizo zote, naomba yafuatayo yatekelezwe kabla ya Mwaka Mpya:

(a) Nifufuliwe rasmi, kwa maandishi yenye ukubwa ule ule mliotumia kunizika.

(b) Gergo aachwe na mke mmoja, na mkono wake urudishwe kwenye mpini.

(c) Mshikamano uvunjwe. Kila mwanachama alazimishwe kugombana na mwenzake angalau Jumanne na Alhamisi, na mtu yeyote atakayeandika "Umenigusa" aeleze kwa mdomo wake kaguswa wapi.

(d) Nipewe anwani ya Sindano, au kama sheria inakataa, hii barua apelekewe yeye. Mkishindwa kufanya (a), (b) na (c), fanyeni hii moja tu, na mimi nitakaa kimya kama inavyompasa mtu wa hali yangu.

Nisalimie daktari wa meno na umwambie ngano ilihitaji jozi zaidi. Nisalimie Pumzi ya Alfajiri, na familia ya paka. Wasalimie Vizuizi wote mia mbili na kumi na wawili, mmoja mmoja. Fundi wa paa akikutafuta umwambie bado panavuja.

Ndimi wako katika kutopumzika,

Tsolo Mladenov Vutov
(Kizuizi, pia Jirani wa Kizuizi, pia, kwa muhuri wa serikali, dume, kijivu)

Nyongeza. Ijumaa.

Posta yetu hufunguliwa Jumatano na Ijumaa, na Jumatano nilichelewa, kwa hiyo barua ilibaki mezani. Jana alasiri, mvua inanyesha, nilisikia geti. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye koti la kijani na mfuko wa karatasi chini ya kwapa. Hakusalimia. Alinishika kifundo cha mkono, akageuza saa yake juu, akahesabu, midomo inacheza. Nilijaribu kusema kitu, akaniashiria nisubiri. Dakika nzima.

"Sabini na nane," akasema. "Mwongo mkubwa wewe."

Kisha akakaa kwenye ngazi iliyolowa mvua, akavua kiatu, akakikung'uta kwa muda mrefu akitafuta kijiwe ambacho sidhani kilikuwemo.

Anaitwa Evdokia Rangelova. Miaka ya zamani alizunguka vijiji hivi akichanja watoto, akaujua mnara wa maji ulioonekana nyuma ya geti langu kwenye picha. Nusu mwaka aliamini. Wiki iliyopita, akichungulia Kidau kama msomaji wa nje, alisoma hadithi ya Jirani, ya kapu la mayai, akasema kwamba hapa duniani hakuna watu wawili wanaoweza kumchelewesha mama mkwe mlangoni kwa mistari kumi na mmoja. Mle kwenye mfuko mlikuwa na sura zangu zote kumi na tisa, amezichapa, zimejaa wino mwekundu. Tuliligombania lile la mkono na mpini mpaka supu ikakauka. Jina la ukoo nililompa Gergo hataki hata kulisikia.

Kwa hiyo, Bibi Msimamizi, naomba uyachukulie maombi yangu yote kama yamefutwa. Usinifufue. Marehemu haombwi atoe maoni juu ya mashairi ya watu, na nina kazi nyingi. Gergo wenu kaeni naye, wangu nimemchukua. Na tafadhali mshikamano usivunjwe hata kidogo, kwa sababu baada ya chakula tulisoma yale maombolezo kwa sauti, yeye moja mimi moja, na tulicheka hadi Evdokia akaomba maji. Tumefika la arobaini. Mwambie kila mtu kwamba kumbukumbu ya mwaka inakaribia na tunatarajia mengi.

Ila lile la arobaini na moja. Ni la mwanachama anayejiita Kitufe, wala si shairi, ni sentensi chache, na lina mioyo sifuri; nilipoyasoma peke yangu nililipita mbio. Ameandika: "Nilimsoma kila sura. Sikuwahi kumwambia, nilidhani yupo tu, nitamwambia siku nyingine. Sijui niseme nini. Nimekosa mtu wa kusubiri kila wiki ya pili." Evdokia alilisoma, akakunja karatasi, hakuchukua kalamu nyekundu. Hatukuendelea.

Huyo mmoja naomba umwambie kwamba niko hai. Umwambie peke yake, kwa siri, wengine wasijue. Na umwambie aje. Geti ni la buluu.

T. V.